Mgoto Ndani ya Injini: Dalili za Beringi Iliyokwisha na Jinsi ya Kuitengeneza

Motokaa iliyozeeka haikosi makelele. Milango hulia, bodi hutikisika kwenye barabara ya mawe, mkanda wa feni hupiga mluzi asubuhi yenye umande, na mwenyewe huyazoea yote hayo kama mtu azoeavyo kikohozi cha babu yake. Wala si vibaya kuyazoea, maana mengi kati yake hayadhuru kitu. Lakini iko sauti moja isiyofaa kuzoewa hata kwa siku moja, nayo ni ule mgoto utokao chini kabisa ya injini, kama kwamba yumo mtu ndani apigaye chuma kwa nyundo. Hiyo ndiyo sauti ya beringi iliyokwisha. Mtu akiitambua mapema, hutengeneza kwa gharama ya maganda machache ya beringi, gasketi moja na kazi ya siku mbili. Akiipuuza, siku moja akiwa njiani na mzigo wake atasikia kishindo, na oili yote itamwagika barabarani kupitia tundu ambalo asubuhi halikuwapo. Kwa mkulima ambaye gari lake ndilo lipelekalo maziwa kwenye kituo kila alfajiri, tundu hilo ni hasara ya injini, na ya maziwa ya siku nyingi pia.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue gari moja liwe mfano wetu: Land Rover ya zamani yenye injini ya petroli ya silinda nne, ujazo wake sentimita 2,286, ile ambayo watu huiita ya lita mbili na robo. Injini hiyo iliingia pamoja na Series II mwaka 1958, ikaendelea katika Series IIA na Series III, mpaka magari ya Series yalipokoma kutengenezwa mwaka 1985. Mengi yangali yanafanya kazi mashambani, nayo yamejengwa hivi kwamba fundi mwenye spana za kawaida aweza kulala chini yake na kuzifikia beringi bila kuiteremsha injini. Mengi yatakayosemwa hapa yawafaa pia wenye Peugeot, Datsun na Toyota za miaka ile. Mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe amevuliwa nusu ya somo hili, kwa sababu injini yake hupasuliwa sehemu mbili kama kunde kabla ya beringi kuu kuonekana, na kazi hiyo haifanyiki chini ya mwembe.

Yafaa kwanza tuelewe beringi hufanya nini. Pistoni hupanda na kushuka katika silinda. Konrodi ndiyo mkono wake, nayo huisukuma krenki, yaani ule mti wa chuma wenye viwiko, ukazunguka na kuyapeleka magurudumu. Mahali konrodi inaposhika kiwiko cha krenki pana beringi ya konrodi. Mahali krenki yenyewe inapolala ndani ya injini pana beringi kuu. Katika Land Rover yetu ziko tatu, na zile zilizotengenezwa tangu mwaka 1980 zina tano. Hebu fikiri: injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa, kila pistoni husimama na kugeuka mara 4,000 katika dakika hiyo moja. Kila inapogeuka, uzito wake wote huangukia ile beringi.

Chuma kikisuguana na chuma namna hiyo kingeshikana kwa dakika chache. Kinachozuia ni oili, wala si kwa kulainisha tu kama grisi katika bawaba ya mlango. Mwaka 1883 mhandisi mmoja wa Uingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akichunguza beringi za mabehewa ya reli kwa niaba ya chama cha wahandisi wa mitambo. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Mashine ilipozunguka, oili badala ya kuingia ikatoka kwa tundu lile. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akaliziba kwa kigingi cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga kipimo cha nguvu akakuta mshale umepita paundi 200 kwa kila inchi ya mraba. Ndipo ikajulikana kwamba shingo ya mti uzungukao huivuta oili na kuiingiza katika ufinyu kama kabari, na kabari hiyo ya oili hubeba mzigo wote, vyuma visigusane kamwe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds akalieleza jambo hilo kwa hesabu, na mpaka leo watengenezaji wa injini huanzia katika hesabu zile.

Basi beringi iliyo nzima haiguswi na krenki ila wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Nafasi iliyo kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele wa kichwani mwako. Nafasi hiyo ikipanuka, kabari ya oili hukosa nguvu, na konrodi hupata mahali pa kurukia. Inaruka, inapiga, inaruka, inapiga. Huo ndio mgoto wenyewe. Tena kuna balaa la pili lisilosikika kwa sikio: nafasi ikiwa mara mbili ya ile ya awali, oili ivujayo kando ya beringi haiwi mara mbili, huwa karibu mara nane. Pampu haiwezi kuifidia. Ndiyo maana beringi moja mbovu huzinyima oili zilizo nzima, nazo zikaanza kufa moja baada ya nyingine.

Ukutani mwa beringi mmepakwa madini laini. Isaac Babbitt wa Marekani ndiye aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1839, na madini hayo ni bati kwa sehemu kubwa, pamoja na antimoni na shaba. Katika magari ya kale, kama Ford Model T iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, madini hayo yaliyeyushwa na kumiminwa mahali pake, kisha fundi akayakwangua kwa mkono mpaka yakae sawa. Kazi ya siku nyingi na ya macho makali. Baadaye yakaja maganda membamba ya chuma cha pua yaliyopakwa madini laini tayari kiwandani, mawili kwa kila beringi, unayatoa na kuyatia kama soli ya kiatu. Huko Uingereza mwenye kiwanda mmoja, Tony Vandervell, alitajirika kwa maganda hayo yaliyouzwa kwa jina la Thinwall, naye akaunda gari la mashindano akaliita Vanwall, jina lake na la beringi zake yakiwa yameunganishwa. Gari hilo likatwaa ubingwa wa kwanza wa watengenezaji mwaka 1958. Land Rover yetu hutumia maganda ya namna hiyo, na ndiyo sababu ugonjwa huu watibika.

Sasa tuje kwenye kusikiliza. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa injini ina migoto mingi na si yote ni ya beringi.

Mlio mwepesi utokao juu, wa haraka kama cherehani, ni wa tapeti. Hufuata mwendo wa injini lakini kwa nusu yake, maana valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Ingiza kipande chembamba cha kupimia katika nafasi ya tapeti injini ikiwa inazunguka polepole. Sauti ikinyamaza, umempata mwizi wako. Mgoto mnene usikikao injini ikiwa baridi na kutoweka ikipata moto ni wa pistoni iliyolegea katika silinda. Waweza kuishi nao miaka. Mlio mkali wa vyuma vilivyogongwa ukiwa katika mlima na gia kubwa, kama shilingi zinazotikiswa ndani ya kopo, si wa beringi hata kidogo. Moto wa plagi unawaka mapema mno, au petroli ni dhaifu. Pini ya pistoni ikilegea hugonga mara mbili mbili kwa haraka, nawe huisikia zaidi injini ikinguruma polepole.

Mgoto wa beringi ya konrodi una tabia yake. Ipashe injini moto barabara, usijaribu kitu ikiwa baridi, maana oili nzito huficha mengi. Kisha ongeza mafuta taratibu mpaka mwendo wa kati, ushikilie hapo kwa muda, halafu uachilie ghafula. Beringi ya konrodi husema wakati huo wa kuachilia: hutoa mfululizo wa migoto, ko-ko-ko-ko, kadiri mwendo unavyoshuka. Barabarani huisikia gari likienda bila kuvuta mzigo wala kuzuiwa, kama vile katika tambarare. Ukikanyaga sana hupungua, ukiachilia hurudi.

Beringi kuu husema kinyume chake. Sauti yake ni nzito, ya kifuani, ni ya kuhisiwa kwa nyayo zaidi ya kusikiwa kwa masikio. Hutokea injini inapovuta: kuondoka na mzigo, kupanda mlima, kukanyaga mafuta ghafula. Yule aliyewahi kusimama karibu na kinu cha kutwangia ataitambua.

Chukua bisibisi ndefu au fimbo kavu ya mti mgumu, weka ncha moja kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, nawe ujiepushe na feni na mkanda. Songesha ncha kutoka juu hata chini, kutoka mbele hata nyuma. Utastaajabu jinsi sauti iliyokuwa imetapakaa injini nzima inavyokusanyika mahali pamoja. Ikiwa yasikika zaidi ubavuni karibu na sampu, mashaka yanaongezeka. Ikiwa yasikika penye dainamo au pampu ya maji, shukuru Mungu ukatafute spana ndogo.

Jaribio lililo bora kuliko yote ni la kuzinyima silinda moto moja moja. Zima injini, chomoa waya wa plagi ya kwanza, ufunge ncha yake vizuri kwenye chuma cha injini ili umeme usiruke, kisha uwashe na kusikiliza. Zima tena, urudishe, uende kwenye ya pili. Silinda ikikosa mlipuko, konrodi yake haisukumwi kwa nguvu. Na ikiwa beringi yake ndiyo mbovu, mgoto utapungua sana au utanyamaza. Ikiwa silinda moja moja hazibadili kitu, nyima mbili zilizo jirani kwa pamoja; sauti nzito ikipungua hapo, tazama beringi kuu iliyo kati yake. Jaribio hili ni la magari ya zamani tu. Gari la siku hizi lenye kompyuta na kichujio cha moshi lisijaribiwe hivyo, maana petroli isiyoungua huenda ikaharibu vitu vya thamani kubwa kuliko beringi.

Wako pia waongo wachache wa kuangaliwa kabla ya kuhukumu. Puli ya mbele ya krenki ikilegea hugonga kama beringi kuu kabisa. Kadhalika nati za flaiwili. Mkono wa pampu ya petroli hugonga tik-tik ubavuni. Na sauti ikibadilika unapokanyaga klachi, huenda ni maganda yanayozuia krenki isiteleze mbele na nyuma, au ni beringi ya klachi yenyewe, ambayo haihusiani na habari yetu. Mambo haya huangaliwa kwa nusu saa, nayo yamewahi kuokoa injini nyingi zilizokwisha kuhukumiwa kifo.

Baada ya sikio, ulizia oili. Land Rover nyingi za Series zina taa tu ya oili, hazina kipimo chenye mshale, na watu hudhani kwamba taa ikizimika mambo ni mema. La. Taa huzimika kwa nguvu ndogo sana ya oili. Kuzimika kwake kwathibitisha kwamba pampu ingali inazunguka, basi. Mwombe fundi aifungue swichi ya taa na kufunga hapo kipimo cha kuazima. Injini ikiwa moto, mafundi hutumia kanuni hii: walau paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Ikiwa nguvu ni njema baridini lakini huporomoka injini ikipata moto, beringi zimepanuka au pampu imechoka.

Kisha mwaga oili katika karai safi, mchana, juani. Ukiona vumbi la fedha limetanda kama rangi ya magamba ya samaki, hilo ni madini laini ya beringi. Ukiona vipande vyenye rangi ya shaba, ujue tabaka la juu limekwisha na ganda linaliwa ndani. Pitisha sumaku: madini ya beringi hayashikwi nayo, lakini chembe za chuma hushikwa, nazo zatoka kwingine, kama kwenye gia, cheni au kemshafti. Toa pia chujio la oili kutoka katika bakuli lake na ukunjue karatasi yake. Chujio halisemi uongo.

Tuseme dalili zote zimekubaliana. Je, gari laweza kuendeshwa hadi mjini? Hili ndilo swali ambalo kila mwenye gari huuliza, na kila mwenye gari hutaka kujibiwa ndiyo. Jibu la kweli ni kwamba livutwe. Mgoto ukianza, kila kilomita hupanua nafasi na kuikwaruza shingo ya krenki. Shingo ikiwa laini bado, utanunua maganda tu. Ikikwaruzwa, itabidi injini iteremshwe na krenki ipelekwe kusagwa. Joto likizidi, madini huyeyuka, ganda huanza kuzunguka pamoja na krenki, tundu la oili huzibwa, na hapo konrodi hushikana au hukatika. Kamba ya kuvutia gari na chakula cha rafiki mwenye lori ni gharama ndogo mbele ya hayo.

Wako watu watakaokushauri utie oili nzito sana, au dawa ya kopo, ili sauti inyamaze. Itanyamaza kweli, siku tatu au wiki. Hiyo ndiyo hila ya wauzaji wa magari yaliyokwisha. Kwa hiyo anayekwenda kununua gari kuukuu na aombe kulikuta likiwa baridi, alitazame likiwashwa, aliendeshe mpaka lipate moto barabara, na achomoe kijiti cha oili; akiona oili imeng'ang'ania kijitini kama asali, aulize kwa nini.

Kuna pia fundi wa namna nyingine, asikiaye mgoto na kutamka papo hapo, "Mzee, injini hii imekufa, tafuta nyingine." Pengine ni kweli. Lakini mwenye gari ana haki ya kujibu kwa adabu, "Fundi, ifungue sampu kwanza, tutazame pamoja." Mtu mwenye nia njema hatakataa kuonyesha ganda lililoharibika. Injini nyingine ya kuukuu nayo ina beringi usizozijua umri wake.

Kazi yenyewe ni hii. Gari likae mahali pa tambarare, magurudumu yazuiwe kwa magogo, na lisitegemee jeki peke yake mtu akiwa chini. Betri itolewe waya. Oili imwagwe, sampu ishushwe, na mahali pote pafutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kabla ya kulegeza nati yoyote, kila konrodi na kifuniko chake vipigwe alama za nukta, kimoja hadi vinne, upande mmoja. Vifuniko vilichongwa pamoja na konrodi zake kiwandani. Ukivibadilishana, tundu haliwi duara tena, na beringi mpya itakufa kabla ya mvua ijayo.

Shusha kifuniko kimoja, ulitazame ganda. Ganda zuri lina rangi ya kijivu iliyotulia. Lenye mikwaruzo ya duara limepitiwa na uchafu. Lenye mabaka ya shaba limekwisha. Lililomeguka vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani limechoka kwa kupigwa muda mrefu. Kisha shingo ya krenki: pitisha ukucha kutoka ukingo hata ukingo. Ukucha ukikwama, maneno yamekwisha, krenki itoke. Usipokwama, bado yapasa kupimwa kwa maikromita mahali pengi, kwa kuizungusha, maana shingo yaweza kuwa laini kwa ukucha lakini imekuwa ya umbo la yai, na maganda mapya juu ya yai hayatadumu.

Nafasi kati ya ganda na shingo hupimwa kwa uzi laini wa plastiki uitwao Plastigage. Kipande huwekwa juu ya shingo iliyofutwa kavu, kifuniko hukazwa kwa spana yenye kipimo, bila kuizungusha krenki, kisha hufunguliwa tena. Uzi umebanwa ukawa mpana, na upana wake hulinganishwa na karatasi iliyokuja nao. Kwa shingo za ukubwa huu nafasi ni kama sehemu moja au mbili katika elfu ya inchi. Kipimo halisi na nguvu ya kukaza nati vifuatwe kama kitabu cha gari kisemavyo, si kama rafiki asemavyo.

Krenki ikisagwa hupunguzwa kwa vipimo maalumu: elfu 10 za inchi, yaani karibu robo ya milimita, kisha 20, 30 na 40. Maganda hununuliwa kwa kipimo hicho hicho, nayo namba yake imegongwa mgongoni mwa ganda. Isome mwenyewe dukani. Sanduku laweza kusema 20 na ganda likasema 10, na maduka ya vipuri, hata yale mengi ya barabara ya Kirinyaga huko Nairobi, yana bidhaa halali na za bandia katika rafu moja. Mwambie msagaji aache pembe za shingo zikiwa za mviringo kama zilivyokuwa, kwa kuwa pembe iliyokatwa kali ndipo krenki hupasukia. Ikirudi kutoka kwa msagaji, matundu yake ya oili yasafishwe kwa mafuta ya taa na hewa ya nguvu mpaka yatoe safi, maana unga wa jiwe la kusagia ukibaki humo, utazila beringi mpya siku ya kwanza.

Ukifika wakati wa kutia maganda, mgongo wa ganda na kiti chake viwe vikavu kabisa. Oili hupakwa upande wa ndani tu. Ulimi wa ganda uingie katika pengo lake. Ukiona ncha za ganda zimejitokeza kidogo juu ya ukingo, usizipige tupa: zimefanywa hivyo ili kifuniko kikikazwa ganda libanwe lisizunguke. Wapo mafundi wapigao tupa kifuniko chenyewe ili nafasi ipungue, au wawekao karatasi ya pakiti ya sigara nyuma ya ganda kuukuu. Tundu lililopigwa tupa si duara tena, na karatasi huzuia joto lisipite kwenda kwenye chuma. Katika Ford za kale vibati vya kupunguza viliwekwa na kiwanda makusudi chini ya kifuniko, na huenda desturi hiyo ilitokea huko; katika injini ya maganda haina mahali.

Badilisha maganda ya konrodi zote nne hata kama ni moja iliyogonga. Za kuu, ikiwa shingo ni njema na nguvu ya oili haikuwa mbaya, zaweza kutazamwa na kuachwa. Lakini ikiwa injini hiyo hiyo hutoa moshi wa buluu na kula oili kila wiki, si busara kuweka beringi mpya chini ya pistoni zilizokwisha. Ngoja, kusanya fedha, ifanywe yote kwa pamoja.

Na kabla sampu haijarudi, jiulize beringi ilikufa kwa nini. Haikufa kwa uzee peke yake. Tazama wavu wa pampu ya oili kama umezibwa na tope jeusi, pampu yenyewe kama imelika, na valvu ya kuzuia nguvu kama imekwama wazi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia kupitia gasketi. Ikinuka petroli, kiwambo cha pampu ya petroli kimepasuka, au kabureta inamwaga. Na katika barabara zetu za murram yuko adui mkubwa kuliko wote: vumbi. Chujio la hewa la Land Rover hizi ni bakuli lenye oili ambayo hunasa vumbi, na wengi hawajalifungua tangu walinunue gari. Bakuli likijaa tope, vumbi huingia katika silinda, hushuka kwenye oili, na oili hiyo hugeuka msasa. Wakati wa kiangazi litazamwe kila wiki.

Sampu ikisharudi na oili mpya na chujio jipya vikiwa ndani, toa plagi zote nne, uizungushe injini kwa stata kidogo kidogo mpaka taa ya oili izimike. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Usiipandishe mwendo, isikilize dakika chache, ukague kama pana uvujaji, uiache ipate moto. Kwa kilomita 800 za kwanza usizidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa, usivute trela, wala usiilazimishe kupanda kwa gia kubwa; teremsha gia mapema. Baada ya hapo mwaga oili ile, ingawa itaonekana safi, uitazame tena juani katika karai lile lile. Mng'ao mdogo ni wa kawaida kwa mara ya kwanza. Ukiona magamba, ifungue tena.